Malango manne ya Toscana: uende lipi kama una siku moja tu?

Kila mwaka ikifika mwezi wa nne simu yangu inaanza kujaa. Huyu anakuja Firenze kwa semina ya wiki, yule kaletwa na mumewe, mwingine mwanafunzi yuko Bologna ana wikiendi moja, na swali ni lile lile tu: nina siku moja ya kwangu, niende mji gani wa kale, na usiniambie Pisa, Pisa nimeiona kwenye kalenda. Mi huwa nawajibu chagueni lango kwanza, mji utakuja wenyewe. Wanadhani natania.

Sitanii jamani. Hii miji ya Toscana, mkoa wa Italia ambao Firenze ndo makao yake makuu, ilijengwa ili mtu aione kwanza akiwa nje, ametembea kutwa, vumbi mpaka kwenye kope, anaangalia juu anajiuliza kama watamfungulia. Sasa wageni wa sikuhizi basi linawashusha ndani kabisa ya mji, wanakula aiskrimu, wanapiga picha uwanjani, wanapanda basi lile lile wanarudi, lango ama hawajaliona au wamelipita wakiwa wameligeuzia mgongo. Ndo maana wengi ukiwauliza Siena ina tofauti gani na San Gimignano wanakwambia "ah, mawe mawe tu."

Kwa hiyo nalinganisha malango manne ambayo nimeyapita kwa miguu zaidi ya mara moja: la Siena (hilo kwa kweli ni mawili, utaona kwa nini), la San Gimignano, la Volterra, na la Firenze kwenyewe kwa wale wasiopenda safari.

Kwanza lakini toa kichwani picha ya geti la nyumbani. Lango la mji wa zama za kati lilikuwa polisi, forodha na saa ya mji, vyote mahali pamoja. Jua likizama linafungwa, ukichelewa unalala nje na mbwa mwitu. Asubuhi likifunguliwa mkulima anaingia na mayai yake, kuni, divai, na pale pale anatozwa ushuru kabla hajauza hata yai moja, na mji kama Firenze hizo hela za langoni zilikuwa chanzo kikubwa kabisa cha mapato yake. Kwa hiyo ukisimama chini ya tao lolote kati ya haya ujue hapo ndo watu walipokuwa wanabishana bei, wanaficha jibini chini ya nyasi, wanahonga.

Na yalikuwa marefu kwa makusudi. Aliyewahi kuingia Fort Jesus pale Mombasa atakumbuka kuta zilivyo nene na zimelala nyuma kidogo, kama mtu aliyeegemea. Aliyeichora alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milano, ujenzi ukaanza 1593, na huyo alikuwa mtu wa enzi za mizinga, enzi ambayo mnara mrefu ni shabaha tu unamwekea adui. Haya malango ninayoyasema karibu yote ni ya kabla yake, ya wakati wa mishale na ngazi, aliye juu ndo mwenye neno. Ukiishika hiyo tofauti moja utaweza kusoma lango lolote utakalokutana nalo, hata bila mtembeza wageni.

Siena: ingia kwa Camollia, tokea Porta Romana

Siena nenda na treni. Najua kila mtu atakwambia basi ni haraka zaidi na ni kweli, basi la haraka kutoka Firenze ni kama saa moja na robo, lakini linakushusha Piazza Gramsci ambayo iko ndani ya ukuta, yaani umeshapoteza kabla hujaanza. Treni ni saa moja na nusu hivi, zingine unabadilisha Empoli, inakushusha bondeni chini ya mji, halafu unavuka barabara unaingia kwenye jengo la maduka unaanza kupanda ngazi za umeme, moja, mbili, tatu, unadhani zimeisha kumbe kuna nyingine, mpaka unatokea juu upande wa kaskazini. Hapo fuata barabara ya kuelekea mjini na baada ya dakika chache Porta Camollia (porta ndo lango kwa Kiitaliano) hiyo mbele yako. Umefika kama walivyofika watu wa Firenze na mahujaji wa kutoka kaskazini waliokuwa wanashuka Roma kwa njia ya Via Francigena, ile ambayo Sigeric, askofu mkuu wa Canterbury, aliandika vituo vyake mwaka 990 akiwa anarudi kwao.

Sasa nisiwadanganye. Kwa macho tu Camollia sio lango zuri kuliko yote, na hata la zama za kati sio, kwa sura unayoiona. Lile la zamani liliharibika Siena ilipozingirwa 1554 hadi 1555 na majeshi ya Kaisari Karolo wa Tano pamoja na Firenze, hili lililopo lilijengwa upya 1604. Lakini angalia juu ya tao upande wa nje kuna maneno ya Kilatini: Cor magis tibi Sena pandit. Maana yake kwa haraka haraka, Siena inakufungulia moyo mpana kuliko lango hili.

Maneno matamu eti? Wageni wote wanayapenda, yapo mpaka kwenye sumaku za friji. Ila aliyekuwa anakaribishwa inasemekana ni Ferdinando wa Kwanza wa ukoo wa Medici, mtawala wa Toscana, mtoto wa Cosimo, na Cosimo ndo huyo aliyeichukua Siena baada ya ule mzingiro. Ni miaka hamsini tu ilikuwa imepita. Walikuwepo wazee mjini walioionja ile njaa wakiwa watoto. Kwa hiyo hapo "moyo mpana" ni ukarimu, au ni mpangaji anamchekea mwenye nyumba mpya? Mi nikipita lazima nisimame nibishane na nafsi yangu.

Ukishaingia uko kwenye mtaa wa Istrice, yaani Nungunungu, mmoja kati ya mitaa 17 ya Siena inayoshindana kwenye mbio za farasi za Palio tarehe 2 mwezi wa 7 na tarehe 16 mwezi wa 8. Tazama kwenye kona za nyumba kuna vibao vya mnyama wa mtaa, ukiona mnyama kabadilika ujue umevuka mpaka, na wenyewe hiyo mipaka hawaichezei kabisa. (Siku za Palio zenyewe usije kwa ajili ya malango, hutaona kitu zaidi ya migongo ya watu.)

Halafu tembea tu, mji wote umekaa kwenye mgongo wa kilima na barabara kuu inaufuata mgongo huo kutoka kaskazini mpaka kusini, nusu saa na ushee kama husimami, na utasimama. Katikati kuna Piazza del Campo, na pembeni yake Palazzo Pubblico, jumba la serikali ya mji. Kama una hela ya kiingilio ingia uone picha ya ukutani ya Ambrogio Lorenzetti ya 1338 hadi 1339 kuhusu utawala mzuri, maana ndani ya picha hiyo kuna lango la mji, na ndo picha bora kabisa ninayoijua ya lango likiwa kazini. Matajiri juu ya farasi wanatoka kwenda kuwinda, wakulima wanaingia na punda wamebeba mizigo, jamaa anaswaga nguruwe, na juu yao anaelea mwanamke mwenye mabawa anayeitwa Usalama, mkono mmoja kashika karatasi ya maandishi na mkono wa pili kashika kitanzi na mtu ananing'inia. Yaani karibuni sana, ila mkileta fujo mnaona wenyewe.

Ukitoka hapo nenda sasa Porta Romana, upande wa kusini. Hili ndo la zama za kati hasa, la 1327 hadi 1328, matofali mekundu, juu lina meno ya ukuta, kubwa kweli. Ni malango mawili moja mbele ya lingine na katikati yake kuna ua. Maana ya huo ua utaielewa ukisimama katikati uangalie juu: jeshi likivunja lango la kwanza linashangilia linakimbilia ndani, linakuta la pili limefungwa, na watu wako juu pande zote wana mawe na mishale. Ni mtego wa panya uliojengwa kwa ustadi. Jihadhari na pikipiki tu, maana watu wa Siena bado wanalipita hilo lango kwenda kazini.

Upande mmoja juu ya tao palikuwa na picha kubwa ya Bikira Maria akivishwa taji. Mchoraji Sassetta aliianza 1447, akawa anachora huko juu kwenye upepo, akapata homa ya mapafu akafa 1450, picha ikamaliziwa na Sano di Pietro 1466. Mabaki yake waliyabandua yakapelekwa kanisa la San Francesco, ukiwa na muda pita huko. Mi nikilitazama lango lenyewe huwa namfikiria yule fundi na baridi ya Siena, maana huo mji una upepo wa kwenye mifupa, mwezi wa pili usicheze nao.

San Gimignano: lango litakalokupokea hata usipotaka

Uzuri wa San Gimignano ni kwamba huwezi kukosea. Basi kutoka Poggibonsi linakushusha nje, mbele ya Porta San Giovanni, kwa hiyo hapa kanuni yangu ya kuingia kutoka nje kwa miguu inatimia yenyewe hata kwa aliyekuja kwa ajili ya aiskrimu. Lango ni la 1262, la mawe, tao lake limelala kidogo badala ya kuchongoka, na kutoka chini yake barabara ya Via San Giovanni inapanda moja kwa moja mpaka kwenye tao la ukuta wa zamani zaidi, Arco dei Becci, halafu uwanja wa kisima. Ukiwa na jicho utaona hapo mji ulivyokua, maana kuna lango la ndani la mji ulipokuwa mdogo na lango la nje la mji uliponenepa.

Unene wenyewe ulitokana na hiyo hiyo njia ya mahujaji, na biashara ya zafarani. Ndio, zafarani, hii hii ya biriani, ilikuwa hela kabisa pale. Familia zikajenga minara kila mmoja kumpita jirani yake, inasemwa ilifika 72, leo imebaki 14 hivi. Kisha tauni ya 1348 ikapita kama fagio, miaka michache baadaye mji ukajisalimisha kwa Firenze, wasafiri wakahamia njia nyingine, hela ya kubomoa na kujenga upya haikuwepo tena. Umaskini ndo ulioutunza huo mji, na sasa umaskini huo huo ndo unauzwa kwa tiketi.

Shida ni watu. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni mwezi wa sita, wa saba, wa nane, Via San Giovanni ni kama Kariakoo ya siku mbili kabla ya Idi, isipokuwa kila duka linauza nguruwe pori na mikoba ya ngozi. Ukitaka lango bila vichwa vya watu uwe pale kabla ya saa tatu asubuhi au ubaki mpaka jioni mabasi ya makundi yameondoka. Mwenye siku moja tu kutokea Firenze kuwahi hivyo ni kazi. Kwa hiyo kwangu San Gimignano inashinda kwa urahisi na kwa picha ya kutoka mbali, ile minara kilimani, lakini kama lango, lango lenyewe, halikusimulii mengi kama ya Siena. Linakupokea, linakupitisha, basi. Ukilipita endelea mpaka Porta San Matteo upande wa pili, la mwaka ule ule, kule watu wanapungua na unaweza kukaa kwenye kivuli.

Volterra: lango lililookolewa kwa mawe ya barabara

Hapa ntachukua muda kwa sababu hili ndo linalosahaulika, na ndo ninalolipenda.

Porta all'Arco sio la zama za kati kwa kuzaliwa. Ni la Waetruski, watu waliokuwa hapa kabla Roma haijawa Roma ya kutisha, karne ya 4 au ya 3 kabla ya Kristo. Warumi wakalitumia, watu wa zama za kati walipojenga ukuta wao karne ya 13 wakaliacha hapo hapo wakauunganisha ukuta nalo. Kwa hiyo anayetaka lango la zama za kati tupu atasema sio lenyewe, mi namwambia huo ndo uzama wa kati wenyewe, mtu wa karne ya 13 hakuwa mjinga wa kubomoa lango zima lililokwisha simama miaka elfu na mia kadhaa.

Upande wa nje, kwenye tao, kuna vichwa vitatu vya mawe meusi meusi. Mvua na upepo vimevilamba mpaka havina pua, havina macho, vimebaki kama viazi vikubwa vilivyochomoza ukutani. Wengine wanasema ni miungu ya kulinda mji, wengine ni vichwa vya maadui. Viko nje! Sasa mabasi yanasimama Piazza Martiri della Libertà, hatua chache tu, ndani ya mji, na nimeona watu wanashuka Via Porta all'Arco, wanafika chini ya tao, wanapiga selfi, wanageuka. Vichwa hawajaviona. Jamani toka nje, shuka mita thelathini, geuka.

Halafu soma kibao. Mwaka 1944, mwisho wa mwezi wa sita, Wajerumani wanarudi nyuma, Wamarekani wanakuja, amri ikatoka lango lilipuliwe ili njia izibwe. Watu wa Volterra wakaomba: kama shida yenu ni njia izibwe, sisi tutaiziba wenyewe. Wakapewa muda, siku moja. Wakang'oa mawe ya barabara, haya haya unayoyakanyaga kwenye ule mtelemko, wanaume kwa wanawake, wakalijaza lango kutoka chini mpaka juu. Likazibwa, halikulipuliwa. Vita vilipopita wakayatoa mawe wakayarudisha barabarani. Mi sijui lango lingine lililookolewa kwa kufungwa zaidi ya lilivyowahi kufungwa.

Nilimpeleka shangazi yangu pale, katoka Tanga, magoti yanamsumbua, na lilikuwa kosa langu maana ule mtelemko wa Via Porta all'Arco kushuka ni raha kupanda ni kilio. Tukakaa nje ya lango kwenye ukuta mfupi anapumzika, anavitazama vile vichwa, akaniambia "mwanangu, hawa nao wamechoka, ila hawakuja na basi mbili." Kwa sababu tulikuja na basi mbili kweli. Volterra haina treni ya maana, kutoka Firenze unakwenda kwanza Colle di Val d'Elsa halafu unabadilisha, inakula masaa mawili na zaidi ukijumlisha kusubiri, na Jumapili mabasi yanapungua sana. Siku moja inatosha lakini inatosha kwa Volterra peke yake, usiniletee mpango wa Volterra asubuhi Siena mchana.

Njia ile ile ya mtelemko ina karakana za alabasta, yale mawe meupe yanayopitisha mwanga, mafundi wanachonga vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Zawadi ndogo za hapo ni nzuri kuliko za San Gimignano, na hazijatoka kiwandani mbali huko. Na tukiwa bado Volterra, chumvi inachimbwa bonde la chini yake tangu enzi na enzi, ila mkate wa Toscana hauna chumvi hata chembe. Shangazi mpaka leo hajalisamehe hilo.

Firenze: Porta San Niccolò, kwa wanaotaka kupanda

Haya matatu ya juu unapita chini. Hili unapanda mpaka juu kabisa, ngazi 160 hivi, na ndo tofauti yake kubwa. Kasoro ni kwamba hufunguliwa kiangazi tu, majira ya jioni jioni, kwa makundi madogo na mtembeza wageni, unalipia, na mvua ikinyesha wanafunga. Kwa hiyo kama unakuja mwezi wa kumi na mbili liondoe kwenye hesabu, utaliona kwa nje tu.

Lakini hata kwa nje! Liko kando ya mto Arno, dakika kumi na tano kwa mguu kutoka Ponte Vecchio ukifuata upande wa kusini, limesimama peke yake katikati ya kiwanja kama mtu aliyesahauliwa na ndugu zake. Na ndivyo ilivyo. Firenze ilikuwa na ukuta wa kama kilomita nane na nusu, uliojengwa 1284 hadi 1333, na lango hili ni la 1324. Karne ya 16 mizinga ilipokuja minara ya malango mengine ikakatwa ikafupishwa, hili likaachwa na urefu wake maana kilima cha nyuma yake kilikuwa kinalikinga. Halafu 1865 Firenze ikawa mji mkuu wa Italia kwa miaka michache, mhandisi Giuseppe Poggi akapewa kazi ya kuufanya mji uwe wa kisasa, ukuta wote wa kaskazini ya mto ukabomolewa zikapita barabara pana, malango yakabaki visiwa kwenye mzunguko wa magari. Hata hiki kiwanja cha San Niccolò kinaitwa Piazza Poggi, yaani lango limebaki na jina la aliyewabomoa wenzake.

Ukisimama upande wa mjini utaona liko wazi, matao matatu yamebebana, kama kabati lisilo na mlango, wakati upande wa nje ni ukuta mzito. Hiyo haikuwa kubana matumizi. Adui akiliteka hana pa kujificha, waliomo mjini wanamwona kila ghorofa. Tangu nielezwe hivyo kila lango naliangalia mgongo kwanza.

Na Porta Romana ya Firenze (usichanganye na ya Siena, jina moja kwa sababu yote yanatazama Roma) ya 1326 ni nzuri pia na bado lina ile milango mikubwa ya mbao, ila limezungukwa na magari, unavuka ukiwa na roho mkononi.

Sasa tuyaweke ubavu kwa ubavu

Kwa kufika: Firenze haina nauli, San Gimignano ni treni au basi mpaka Poggibonsi kisha basi fupi, Siena ni treni na ngazi za umeme, Volterra ni mateso ya hiari. Kwa hela yote manne kupita chini yake ni bure, unalipia tu kupanda San Niccolò.

Kwa mwenye magoti au mzazi mwenye mtoto kwenye kigari, San Niccolò kwa nje ni tambarare kabisa, San Gimignano ni mlima lakini mfupi na una mabenchi, Siena ni juu chini juu chini, Volterra nimeshasema.

Kwa picha, hapa wengi wanakosea. Camollia linatazama kaskazini, uso wake hauli jua vizuri, yale maandishi utayapiga kivulini karibu siku nzima. Porta Romana ya Siena na San Giovanni ya San Gimignano yanatazama kusini, kwa hiyo yanapata mwanga mzuri, na vichwa vya Volterra vile vile viko upande wa jua. San Niccolò subiri jioni, jua linapiga ule upande wa matao ya mjini, kisha panda ngazi za Poggi mpaka Piazzale Michelangelo ulione kutoka juu na mji wote nyuma yake.

Ukiniuliza mimi, mtu anayekuja mara ya kwanza na hajui kama atarudi namwambia Siena, aingie Camollia asubuhi atokee Porta Romana alasiri, kwa sababu ni hapo tu utakapofanya safari nzima ya mgeni wa zamani, unaupasua mji mzima unatokea upande wa pili. Aliyeshaona Siena, au anayependa simulizi kuliko majengo, Volterra, na aende siku ya kazi. San Gimignano nampa mwenye watoto au mwenye nusu siku. San Niccolò ni la siku uliyochoka, miezi ya joto, baada ya semina, unashuka taratibu kando ya mto. Na Siena na San Gimignano siku moja inawezekana maana Poggibonsi iko njia moja na treni ya Siena, ila utakuwa unaangalia saa kuliko unavyoangalia mawe.

Mambo mawili ya kukuokolea hela. La kwanza, usikodi gari halafu ufuate ramani ya simu mpaka langoni. Miji hii katikati yake magari ya wageni hayaruhusiwi, na kamera imefungwa hapo hapo kwenye lango, kwa hiyo ushuru wa langoni haujafa, umebadilisha tu mkusanyaji. Shemeji yangu alipita chini ya tao moja akarudi kinyumenyume akapita tena, akijua amejirekebisha. Faini mbili zilimfuata mpaka nyumbani miezi kadhaa baadaye, na kampuni aliyokodi gari nayo ikamkata hela yake ya usumbufu juu. Acha gari nje ya ukuta, tembea.

La pili, tiketi ya karatasi ya hizi treni za mkoa lazima uigonge kwenye kile kimashine cha stesheni kabla ya kupanda, usipoigonga ni sawa na huna tiketi. Siku ile ya kwanza na shangazi nilisahau, nikiwa mimi mwenyeji ninayejifanya najua kila kitu, mkaguzi akaja, nikaanza kueleza kwa Kiitaliano changu chote, shangazi akamtazama tu yule kijana akamkunjulia mikono, na kijana akaiandika tarehe kwa kalamu akaenda zake. Sasa shangazi anakuja tena mwezi wa tisa. Kasema Volterra mwiko, anataka Porta Romana ya Siena akaone ule ua wa mtego, tutakwenda na treni, na tiketi atazigonga yeye.